Pauni ya Katikati

Jumatatu, 5 Mei
Sambusa mia na ishirini za msikitini tayari. Mgongo unauma. Kaka Murtaza kapita, chai hakumaliza. Anaitaka pauni ya katikati kwenye mkufu wa mama. Pauni saba za dhahabu, za Uingereza ya zamani. Sita zimechomelewa vikonyo vya kuning'inizia. Ile ya katikati imebanwa tu, haijaumizwa: malkia kijana mbele, ngao nyuma. Kuna mtu katika mji wa Markham, jirani na hapa, anakusanya sarafu za kale. Atakuja Ijumaa.

Zahra wangu anaolewa Jumamosi. Avae mkufu wenye pengo?

Jumanne, 6 Mei
Nina hasira. Mama alinipa mkufu mkononi, Tanga, akiwa hai, Kaka akiona. Kila binti wa nyumba yetu auvae siku ya nikaha. Sasa Kaka ananiambia hiyo ni akiba, si pambo, na mimi niliyeishia la saba soko sitalielewa. Kweli niliishia la saba. Changu nakijua.

Jumatano, 7 Mei
Nimemuuliza Zahra. Kanijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida: shingo ya gauni ilikatwa kwa kipimo cha pauni saba. Basi.

Alhamisi, 8 Mei
Kaka kapiga simu. Ile ya katikati nisiiguse wala nisiifute. Ikisuguliwa, bei ya wakusanyaji inaporomoka. Eti ule weusi wake wa kale ndio thamani.

Nimekaa kwenye mkeka wa swala, muda mrefu. Mungu hakunikataza.

Nikaloweka ukwaju. Mama alifanya hivyo kabla ya kila harusi. Nimezisugua zote saba. Ya katikati mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei
Mgeni kaja na kioo chake cha kukuzia. Katazama, katikisa kichwa. Atalipa uzito wa dhahabu tu, zaidi ya hapo hapana. Kaka kanigeukia.

"Mama Zahra, umeisugua kusudi?"

"Kusudi, Kaka. Harusi kesho."

Kaka kaondoka bila kuaga. Nimelia kidogo. Sijutii.

Jumamosi, 10 Mei
Nikaha imepita, alhamdulillahi.

Asubuhi ndoano ya mkufu ilinishinda. Sikumsikia Kaka akiingia. Kauchukua mkononi mwangu, kamfungia mpwa wake mwenyewe, taratibu. Kisha kaishika ile ya katikati, kaisogeza puani.

"Bado inanuka ukwaju," kasema.

Hakuiachia upesi.