Malkia Mjane na Jirani Mwenye Njegere

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na tisa na tangu Februari nacheka peke yangu kama msichana. Marehemu mume wangu alikuwa mfalme wa kisiwa kidogo cha kaskazini, alipofariki nikarudi kwetu Uingereza, na jamaa zangu wa ukoo wa kifalme wa Tudor wakanipa nyumba hapa Kent niishi kwa heshima, yaani nivae nyeusi, ninyamaze, na nisiolewe bila ruhusa ya Baraza la Mfalme, nikakaa hivyo miaka mitatu mpaka jirani yangu Bwana Barnaby Tolland, mgane, alipokuja kulalamika kwamba kulungu wangu wamemaliza njegere zake, nikamwambia, "Basi wafundishe adabu mwenyewe," akajibu, "Nimejaribu, Malkia, wananitazama kama unavyonitazama wewe sasa," nikacheka mpaka kofia ikadondoka, na kesho yake akaja tena, na keshokutwa, hata njegere zilipokwisha shambani yeye bado analalamika.

Mshauri, tumeoana. Kasisi wake alitufungisha ndoa kwa siri, shahidi akiwa mhudumu wangu Jocosa, na sasa mzee wa miaka hamsini na tano anaruka ua wa bustani kuja kuniona mpaka soksi zake zinachanika. Juzi akaja mjumbe wa Baraza na picha ya mtawala mmoja wa Ujerumani, akasema ndiye mume niliyechaguliwa, atafika Juni, na Barnaby, aliyekuwa mgeni mezani, akapaliwa na pai ya njiwa mpaka akapigwa mgongoni, nami nikasema nitafikiri. Jocosa ananiuliza, "Mama Malkia, unafikiri nini na mume unaye?" Nikisema ukweli, watamfunga Barnaby, nikinyamaza naletewa wa pili, na katikati ya hofu hiyo nikimwona juu ya ua nacheka tena. Nifanyeje?

Sidonia, Malkia mjane, Kent

Malkia Sidonia,

Hongera kwa ndoa, na pole kwa akili. Furaha yako sina ugomvi nayo, umeingoja vya kutosha. Lakini mke wa mtu hamwambii mleta posa "nitafikiri." Kila siku unayonyamaza, kosa la kuolewa linazidi kuwa kosa la kudanganya, na atakayelala gerezani si wewe mwenye damu ya kifalme, ni huyo mzee wa watu. Umemfikiria yeye, au unafurahia tu kumwona akiruka?

Mwandikie Mfalme leo, kwa mkono wako, kabla mtumishi hajaiuza habari hii. Usimtume Barnaby akuombee. Sema umeolewa, taja kasisi na shahidi, sema uamuzi ulikuwa wako. Vito vya umalkia ulivyopewa pamoja na nyumba virudishe kabla hujadaiwa. Wakiitaka nyumba, wape, uhamie kwa mumeo. Mjumbe wa posa mwambie ukweli usoni, na umrudishie picha aliyoileta.

Halafu usijifungie chumbani ukingoja jibu. Jumapili hii mshike mumeo mkono, mwingie kanisani kwa mlango wa mbele, mkae benchi moja.

Bibi Philippa Garnish