Ujuzi wa Shemeji Uliofaulu Mtihani Wenye Majibu Ndani

Shangazi, shikamoo, na pole kwa kuwasomea watu shida zao kila wiki. Yangu nimejaribu kuipanga vizuri isikuchoshe, lakini kila nikianza inarudi palepale kwa shemeji.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayotengeneza programu ya simu ya kupanga miadi, wateja wetu ni wenye saluni, vinyozi, mafundi cherehani na daktari wa meno mmoja mwenye hasira, na mimi ndiye ninayepokea simu zao, na ndiye niliyekuwa nikiandika taarifa za toleo jipya, yaani yale maneno machache yanayokutokea kwenye simu programu ikibadilishwa, kwamba hiki kimeongezwa, kile kimehamishwa, bonyeza hapa. Sasa bosi ameamua kazi hiyo ifanywe na msaidizi wa akili bandia, na aliyepewa jukumu la kumfundisha ni fundi wetu mpya wa programu, ambaye ni mume wa dada yangu mkubwa. Ameandika maelekezo marefu ambayo msaidizi anayasoma kabla hajaanza kuandika, wenyewe wanayaita "ujuzi", na mimi nimeambiwa niukague huo ujuzi niseme unafaa au haufai. Bosi, ambaye tunamwita Ijumaa kwa sababu kila kitu anakitaka Ijumaa, alisema mbele ya ofisi nzima, "Ukifaa, fundi anapata mkataba wa kudumu. Usipofaa, tutazungumza." Shangazi, hiyo "tutazungumza" yake tunaijua. Wa mwisho kuzungumza naye alibeba kikombe chake akaenda nyumbani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Shemeji alinipa matoleo ya zamani ya kujaribia, nikampa msaidizi orodha za mabadiliko, akaandika maneno safi mpaka nikaona wivu, nikaweka alama ya vema kila mahali. Shemeji akasema, "Si nilikwambia? Huyu ni wewe, ila halalamiki." Tukacheka. Kesho yake nikafungua maelekezo yenyewe niyasome kwa utaratibu, nikakuta matoleo yaleyale yamewekwa mle ndani kama mifano, pamoja na taarifa zake kamili, tena zile nilizoandika mimi mwenyewe. Kumbe msaidizi alikuwa ananakili na mimi nampigia makofi.

Nikachukua toleo linalokuja, ambalo hajawahi kuliona. Orodha ya mabadiliko kutoka kwa mafundi wetu wa programu inasema wazi kwamba ujumbe wa kumkumbusha mteja miadi yake sasa umezimwa, na mwenye saluni asipouwasha mwenyewe kwenye mipangilio, hauendi kwa mtu yeyote. Msaidizi akaandika: "Habari njema! Vikumbusho sasa viko mikononi mwako, na unaweza kuvituma hata kwa sauti." Kwa sauti, Shangazi! Hakuna aliyetengeneza kitu cha sauti. Na kuhusu kuwasha, kimya. Nikaziona saluni za Jumamosi zimejaa viti vitupu, na simu zote zinalia mezani kwangu.

Nilimwonyesha shemeji pale kwenye mashine ya maji. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Shemeji, hiyo ni sentensi moja tu. Irekebishe kwa mkono, weka vema, mimi nitayanyoosha maelekezo nikishapata mkataba." Nikamuuliza, "Na mara nyingine akiandika kwamba programu inanyoa yenyewe?" Akasema, "Basi vinyozi watapumzika." Ni mcheshi, ndiyo tabu yake, humkasirikii ukamaliza.

Hata sijafika nyumbani, dada kapiga simu. "Nasikia siku hizi wewe ni mwalimu wa zamu. Hebu niambie, ndugu yako ni hiyo mashine au ni mume wangu?" Nikamwambia, dada, simkagui mumeo, nakagua maandishi. "Kagua tu, mdogo wangu. Mimi nafungasha, tunahamia kwako. Kitanda chako si kikubwa?" Anatania, lakini nilimsikia akipenga kamasi, ana ujauzito wa kwanza, na huyu ndiye aliyenishika mkono siku yangu ya kwanza shuleni na kukataa kuniachia mpaka alipofukuzwa na mwalimu.

Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, na siku hiyohiyo toleo linatoka. Je, niweke vema kisha niwe narekebisha kimyakimya, au niseme haufai na nilale kitanda kimoja na dada, mumewe na mtoto?

Mpokea simu

*

Mpokea simu, marahaba.

Nakuonea huruma, lakini kwanza nikugombeze tumalize. Umekaa unapima machozi ya dada, ujauzito na kikombe cha bosi, na kitu pekee ulichotumwa kukipima umekipima mara moja na nusu. Siku ya kwanza ulimpa mwanafunzi mtihani ambao majibu yake ameyakalia. Hapo hukukagua ujuzi, ulikagua kunakili. Na ulifurahi kwa sababu maandishi yalifanana na yako. Hata mimi ningejipa vema. Siku ya pili ukajaribu toleo moja, ukashtuka, ukashika kalamu kuniandikia mimi. Hilo moja ni baya kweli, lakini hujui bado kama ni ajali au ndiyo tabia yake.

Kurekebisha kimyakimya, sahau. Utakuwa umerudi kwenye kazi yako ya zamani bila mtu kujua, na siku utakayoumwa mafua, daktari wa meno atasubiri wagonjwa mpaka jioni, na lawama zitakuja kwako.

Rudi mezani. Tafuta matoleo ambayo hayamo kwenye maelekezo ya shemeji, makubwa na madogo, hata lile ambalo kilichobadilika ni rangi ya kitufe, uone kama msaidizi anajua kusema kidogo. Kabla hujasoma anachoandika, andika wewe mteja anapaswa kujua nini. Halafu linganisha: nini kaficha, nini kabuni, na je, kasema pa kubonyeza? Utamu wa maneno uje mwisho kabisa. Kila toleo mpe zaidi ya mara moja, maana hawa leo wanasema hivi, kesho vile. Kisha mwondolee hayo maelekezo aandike bila kufundishwa. Kama hakuna tofauti, shemeji yako ameandika kurasa za bure, na ni heri alijue leo.

Mpelekee matokeo yeye kwanza, kabla ya Ijumaa mtu na Ijumaa siku. Usimpelekee "haufai" tupu, mpe mahali panapovuja: aandike humo kwamba kisichokuwepo kwenye orodha ya mafundi hakisemwi, na kinachomtaka mteja afanye jambo kinatangulia juu kabisa, bila habari njema. Akinyoosha, pima upya. Ujuzi ukifaa, weka vema kwa moyo mweupe. Usipofaa, sema haufai, na taarifa ya toleo hili uiandike kwa mkono ikijulikana kwamba ni wewe. Ucheshi wake autumie kwenye hiyo "tutazungumza" ya bosi, utamsaidia.

Na bosi, je, anajua kwamba huyo ni mume wa dada yako? Barua yako yote haijasema. Mnaitana shemeji kwenye mashine ya maji, labda ofisi nzima inajua isipokuwa yeye. Mwambie kesho asubuhi, na umwombe mtu mwingine asome matokeo pamoja nawe. Hapo hata vema yako itaaminika, na hiyo ndiyo itakayomfaa shemeji.

Amebaki dada. Huyo usimpigie simu, atalia na wewe utalia. Mwandikie taarifa, kazi unaiweza:

"Kilichobadilika: kazi ya mumeo nimemrudishia aitengeneze, muda anao. Kisichobadilika: mimi ni mdogo wako, na mkono wako sijauachia. Unachotakiwa kufanya: mwache alale mapema, na usimwambie mama."