Samaki Niliyemchukua Pangani

Pangani, Jimbo la Tanga
Siku ya Jumatatu

Mama Masanja,

Mwangaluka. Umeamkaje wewe, na magoti yako yanakubali kuinama shambani au bado yanalia? Mvua imefika huko? Yule ng'ombe mwenye baka jeupe ameshazaa? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote saba yapo. Barua hii nimeiandika mwenyewe siku tatu, hakuna mtu aliyenishika kidole. Mwalimu wa kanisa anayekusomea asome polepole, asiruke kitu, na palipopinda asicheke. Wako wazee wangapi huko Shinyanga wanaoweza kuandika hata majina yao?

Nimefika salama. Zamani nilikuja pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani, miezi mitatu, na nilifika nikiimba. Safari hii nimekaa kitako kwenye treni kama mtemi, nikabadilisha Tabora, nikashuka Dar es Salaam, kisha meli ndogo mpaka huku. Meli ilitikisa watu vibaya. Vijana wenye vifua vipana walitapika mpaka wakaita mama zao. Mimi nilitapika mara moja tu, tena kidogo.

Nchi hii ina chakula, Mama Masanja. Mchanga wa ufukweni ni mweupe kama unga wa muhogo, na minazi imesimama mpaka karibu na maji. Machungwa yanaanguka chini, mbuzi wanayachezea. Liko tunda linaitwa fenesi, moja tu kubwa kuliko kichwa cha ndama, na utomvu wake ulinishika ndevu mpaka wakanipaka mafuta kuniachanisha. Baharini wanatoa mnyama anaitwa pweza, hana mfupa hata mmoja, ameshakufa lakini bado wanampigapiga kwenye jiwe ndipo alike. Nimemla. Nimekula na kamba, nao nilitafuna na maganda yake. Mama aliyenipikia akasema yanamenywa, nikamjibu Msukuma hamenyi nyama. Wale samaki wakavu wanaotoka Nkome tunaowasifu huko, ukifika hapa utawaonea huruma.

Sasa habari ya mtoto wetu Masanja, niliyemfuata huku nimrudishe. Najua umeketi hapo unasema mzee huyu anazunguka. Nazunguka kweli.

Nilimkuta mzima, amenenepa, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Hapa hawamwiti Masanja, wanamwita Saidi, kwa sababu amesilimu. Watu wakiita Saidi mimi nageuka kutafuta ni nani. Niliikasirikia habari hiyo siku mbili, ya tatu nikaiacha, maana mtoto ananihudumia vizuri kuliko alivyokuwa Masanja.

Siku ya kwanza alikwenda kukata mkonge, nikabaki peke yangu, nikashuka ufukweni kutazama wavuvi. Nikamwona mzee mmoja mwembamba, kofia imechanika, anatoa samaki kwenye dema lake, ule mtego wao wa kusukwa. Alikuwa na kolekole mmoja mnene kama paja. Nikamwuliza kabila gani, akasema Mzigua. Moyo wangu ukafurahi. Unajua wewe, enzi za safari za pembe Wazigua walikuwa watani zetu. Ukikutana na mtani njiani unachukua kuku wake, unamtukana, naye anacheka, na kesho anachukua kibuyu chako. Basi nikamshika yule kolekole mkia, nikamwambia asante mtani kwa kitoweo. Watu wakasimama kutazama. Mimi nikiona watu wananitazama sinyamazi, nikaendelea. Nikamwambia ananuka namna hiyo, mkewe aliyekubali kuolewa naye lazima alizaliwa hana pua.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama tu mpaka nikaondoka na samaki wangu.

Nikampika. Masanja aliporudi alikula matonge mawili, akauliza samaki mzuri hivi nimempata wapi. Nikamsimulia yote, nikijisifu. Akaweka tonge chini, akanawa mikono.

"Baba," akasema, "yule ni Mzee Mhina. Nimemposa binti yake, Mwanaidi. Ijumaa ndiyo ilikuwa nikupeleke kwao."

Mama Masanja, nilikaa pale kama mtu aliyepigwa rungu. Kwetu mkwe unampisha njiani, unaingia majanini apite. Jina lake hulitaji. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya samaki mchana kweupe, na mama wa binti nimemwondoa pua mbele ya ufukwe mzima. Tangu ukoo wetu uanze kufuga ng'ombe, nani amewahi kufanya hivyo?

Nikajaribu kuyageuza mambo. Nikamwambia Masanja ni vizuri imeharibika, tufunge mizigo, wenzake wamekwenda kuchimba dhahabu Geita, mahali mtu anapoweza kurudi nyumbani kwa miguu, kwa nini yeye afie kwenye miiba? Akaniambia maneno mawili. "Baba, sirudi." Hakupaza sauti. Ni ile sauti yangu mimi ninapokukatalia jambo, unaijua.

Ijumaa nikaenda. Sikupelekwa, nilitangulia mbele. Wakatandika mkeka barazani, mimi nikakaa chini kwenye mchanga, nikapiga makofi ya heshima kama tunavyofanya mbele ya wakwe. Mimi, ambaye hata jumbe akinikaripia sishushi macho. Mzee Mhina akaniacha nipige mpaka viganja vikawaka moto. Kisha akaniuliza.

"Yule samaki, uliniomba?"

Nikasema la.

"Nikikudai, utanirudishia?"

Nikasema mtani harudishi. Ningesema nini kingine? Ndiyo desturi, na mimi ndiye niliyeianza.

"Basi na mimi sikuombi," akasema. "Mwanao nimemchukua."

Baraza zima liliangua kicheko, wazee wakashikana mabega. Masanja mwenyewe alicheka. Mimi nilitazama mchanga. Nilikufikiria wewe, siku ile kituoni, nilivyokuambia mbele ya watu kwamba nitamleta nimemshika mkono.

Lakini mimi sishindwi ovyo. Kicheko kilipotulia nikasema, "Mtani, mimi samaki nilimchukua mzima, na kichwa na mkia. Wewe unamchukua mtoto nusu. Nusu yake ni ya mama yake, yuko Shinyanga. Harusi haifungwi mpaka mama huyo ameketi kwenye mkeka huu."

Mzee Mhina akafungua mdomo kukataa. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, nyuma ya pazia: "Mimi nisiye na pua nasema amesema kweli. Harusi ya mtoto wa kiume bila mama yake, nitawaangalia vipi wanawake wenzangu?"

Shauri likakatwa hapo. Wanangoja. Mwanaidi nimemwona, ana adabu, na mikono yake ni ya kazi.

Kwa hiyo Masanja harudi, nimekwambia wazi. Njoo wewe. Pamba ikishauzwa, ndugu yangu Shija akupeleke kituoni. Tabora utashuka, usiogope, uliza treni ya pwani, watu wataona kilemba chako cha kijani na watakuonyesha. Dar es Salaam Masanja mwenyewe atakuwa amesimama hapo. Beba michembe, vile viazi vyako vitamu vya kukausha, nimewaambia ni tamu kuliko fenesi na hawaamini. Kwenye meli usile kitu.

Msalimu Shija, mwambie ng'ombe wangu asiwauze. Msalimu binti yetu Minza na mumewe, na mama yako mzazi, mwambie bado sijafa. Mpe mwalimu anayekusomea jogoo mmoja, yule mwekundu.

Usiseme umezeeka, mimi nimekuzidi na nimekuja. Hapa wameshakuhesabu, wanajua jina lako, mama yake Mwanaidi amekutengea kitanda. Nimekwisha kuwa mwongo mara moja, kwako. Usinifanye mwongo kwao.

Mumeo,
Baba Masanja