Taulo za Gari Jeusi

Jumatano, 9 Julai 2025

Vumbi tu. Tangu mvua zikatike, magari yote ya Kawajense yana rangi moja. Kwetu ni kazi. Mimi na mwenzangu Danford tumeosha saba kabla ya saa nane.

Saa tisa kaja Mzee Masunga kutoka Usevya. Mfugaji, Msukuma, mrefu, sauti ndogo kuliko mwili. Mwezi uliopita kanunua Harrier nyeusi. Nyeusi tii! Binti yake Monika anaolewa Jumamosi ya tarehe 19 hapa mjini, na gari hilo ndilo litambeba. Anataka lioshwe, ling'arishwe, lipakwe waksi. Kalizunguka mara mbili bila kuligusa, kama yuko mnadani.

"Fundi," kaniambia, "sijawahi kuwa na kitu kisichokula majani."

Tumecheka wote. Ataliacha Ijumaa asubuhi.

Alipoondoka Danford kasema rangi nyeusi inaonyesha kila kitu, na taulo zetu zimechoka. Kweli zimechoka. Zile tunazokaushia zimekuwa ngumu, nyingine tulishafutia rimu. Kesho natafuta mpya.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepita sokoni. Duka la Salvator ndilo lenye taulo za maikrofaiba za kueleweka. Alikuwa na aina tatu:

— za njano, nyepesi, kumi kwenye pakiti moja
— za bluu, nene, zimeshonwa pembeni kwa utepe
— za kijivu, nene kiasi, hazina mshono kabisa

Salvator kanishauri nichukue kijivu. Nikamwambia kaka, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja, niache nizishike mwenyewe. Nimezishika. Nimezisugua kwa vidole vyote. Kusema kweli kwangu zote zilikuwa sawa. Laini, laini, laini. Nimechukua bluu kwa sababu ya unene.

Vidole vina ganzi tena leo. Maji baridi ya Julai haya, na sabuni. Kila fundi wa kuosha anajua.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Niandike yote.

Gari la Masunga tumelianza saa mbili. Tumelipiga maji ya presha kwanza mpaka vumbi lote likatoka. Ndoo mbili, moja ya shampoo, moja ya kusuuzia. Kila kitu kwa utaratibu. Kukausha tukagawana: mimi boneti kwa taulo mpya, Danford paa, milango na nyuma kwa zile za zamani alizozifua jana mwenyewe. Taulo moja ilimdondoka chini. Nilimwona akiiokota na kuitupa kwenye ndoo ya rimu, akachukua nyingine. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Saa sita tukalitoa nje kwenye jua. Mungu wangu! Boneti nzima mistari. Midogo, ya mviringo, kama utando wa buibui. Kivulini huioni. Juani inakurukia usoni.

Na Mzee Masunga ndiyo anaingia.

Hakupiga kelele. Kainama, kasogeza kichwa kushoto, kulia. Mtu huyu anatambua ng'ombe wake kwa ngozi, mistari hii ingemshinda?

"Nimeacha gari jeusi," kasema, "nimekuta lina mvi. Nani kafanya?"

Na mimi nikasema, "Danford. Taulo ilimdondoka chini, ikashika mchanga."

Neno limetoka tu mdomoni. Hata sikulifikiria. Danford kanitazama kidogo, kamtazama mzee, kafungua aproni yake, kaitundika kwenye bomba, kaondoka kwa miguu. Baiskeli yake kaiacha.

Masunga kaacha gari. Kasema nilirekebishe, atalifuata Alhamisi.

Danford hakugusa boneti. Nimeandika hapa kwa sababu kwingine sijasema popote.

Jumamosi, 12 Julai

Danford hajaja. Simu haipokei.

Nimejaribu kipande kidogo cha boneti, upana wa kiganja, kwa mashine na dawa ya kusugulia. Mistari ikatoka! Haikuingia ndani, iko kwenye vanishi ya juu tu. Nikafurahi. Nikafuta dawa kwa taulo mpya ya bluu, safi, imetoka kwenye mfuko sasa hivi. Nikalisogeza gari juani.

Mistari imerudi.

Nikakaa chini kabisa. Taulo hii haijadondoka popote. Haina mchanga. Nikachukua CD ya kwaya yetu ya zamani, ile isiyocheza tena, nikaisugua nusu ya upande unaong'aa kwa bluu mara kumi. Ikaingia mistari. Nikaisugua nusu ya pili kwa kitambaa cha njano nilichobaki nacho tangu mwaka jana — kidogo tu. Kwa hiyo ni bluu. Ni taulo nilizochagua mimi, nikafutia mimi.

Nimezishika tena, pembeni, kwenye utepe. Sisikii ukali wowote. Laini.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka kanisani, tumekula. Nikaleta taulo mezani nimwonyeshe mke wangu Vénérande. Yeye fundi cherehani, vitambaa ni kazi yake.

Alishika bluu akaiachia papo hapo. "Yoo! Huu utepe umeshonwa kwa uzi wa nailoni. Na kuna lebo hapa, ngumu kama ukucha. Ulinunuaje hii?"

Nikasema ni laini. Akaipitisha shavuni kwake, kisha shavuni kwangu. Kwenye shavu — ndiyo. Inakwaruza! Shavu linasikia.

Akaiweka taulo chini. Halafu: "Baba Emelyne, hebu funga macho."

Akawa ananipa vitu mkononi kimoja kimoja. Niseme ni nini. Taulo ya bluu, kitenge, kipande cha gunia, ile ya njano. Niliona ni mchezo. Nikajibu haraka haraka. Nilipofumbua macho alikuwa ameshika gunia na hacheki. Nilikuwa nimeliita taulo.

Akageuza mkono wangu. Kidole gumba kina lengelenge kubwa, limeshaanza kukauka.

"Hii umeungua lini?"

Sijui. Kwa kweli sijui. Labda mashine. Labda sufuria ya chai.

"Na miguu?"

Nikamwambia miguu ni mizima. Hakuniamini, na mimi sikumwangalia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempelekea Danford baiskeli yake nyumbani. Nimeisukuma njia nzima, sikuipanda, sijui kwa nini. Mkewe alinipa kiti akaingia ndani.

Nikasema: "Ni mimi. Ni taulo zangu, na boneti niliifuta mimi. Nilikusingizia mbele ya mteja."

Akasema alijua tangu Ijumaa. Angebisha pale pale, ila alitaka kuona kama nitaligundua mwenyewe au nitalinyamazia.

"Ningekusubiri wiki mbili," kasema. "Baada ya hapo ningefungua sehemu yangu."

Miaka sita tumefanya kazi pamoja. Nikamwambia habari ya gunia. Nikamwonyesha kidole. Akakitazama muda mrefu.

"Mwezi wa nne ulishika bomba la moshi la ile Fuso," kasema. "Limetoka safari, linachemka. Ukalishika unaongea na dereva. Nikasema huyu Telesfori ana ubishi, anajionyesha."

Silikumbuki bomba lolote.

Kakubali kurudi. Sharti moja: Alhamisi nimwambie Mzee Masunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, yeye Danford akiwepo.

Jumanne, 15 Julai

Tumekwenda kwa Salvator pamoja. Leo kachagua Danford. Mimi nimesimama tu nimeshika mfuko.

Kumbe maikrofaiba nzuri inashika ngozi kavu. Danford anasema inamng'ang'ania vidoleni kama manyoya ya mbegu za porini. Mbaya inateleza. Kakunja pembe, kapima kama kuna uzi mgumu. Kaivuta, kaangalia kama inaacha nyuzi. Kijivu, zote za kijivu. Salvator hakunicheka, ila alitaka.

Danford kaandika kwa kalamu ya wino kwenye ubao wetu: taulo za bodi hazifuti rimu. Hazifuliwi na pamba. Hakuna dawa ya kulainisha nguo, hakuna maji ya moto. Iliyodondoka haigusi gari mpaka ifuliwe.

Jioni tumeanza boneti. Mashine kaishika yeye. Mimi nimemulika tochi. Macho yangu yako sawa. Nimeona kila mstari ukiondoka.

Alhamisi, 17 Julai

Gari limekuwa jeusi kabisa. Ukisogea unajiona mpaka ndevu.

Masunga kafika saa nne na binti yake. Monika ni mpole, kavaa kandambili, anaangalia gari kama hataki kuliamini. Baba yake kainama vile vile, kushoto, kulia. Kanyanyuka.

"Sawa," kasema.

Angeondoka hapo. Ningemwacha aondoke! Danford alikuwa anakunja taulo, anakunja taratibu sana.

Nikasema, "Mzee, siku ile nilikudanganya. Si Danford. Ni mimi. Taulo nilichagua mimi, vidole vyangu havisikii vizuri, nikachagua mbaya. Halafu nikamtupia yeye."

Monika kashusha macho. Masunga kamgeukia Danford kwanza. "Mimi nilikutazama vibaya siku ile. Unisamehe." Danford kasema yameisha, mzee.

Ndipo kanijia mimi. Nilidhani atanigombeza. Kashika mkono wangu, kaugeuza kiganja juu, kaniambia nitazame pembeni, kaanza kubonyeza kwa ukucha wake wa gumba. Hapa? Ndiyo. Hapa? Ndiyo. Hapa? Nikasema ndiyo.

"Hapo sijabonyeza," kasema.

Kaniambia kaka yake kule Usevya alianza hivyo. Alikanyaga mwiba akakaa nao wiki nzima. Kilikuwa kisukari. Sikumwuliza kaka yake yuko wapi sasa. Kasema nyie mafundi mnajali vyuma vya watu kuliko nyama yenu. Halafu katualika sote harusini, Danford na mimi na wake zetu, akatoa gari taratibu kama amebeba mayai.

Vénérande keshaambiwa. Kaambiwa na Danford. Sikujua kila mmoja ana namba ya simu ya mwenzake. Kesho hospitali.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika hapa kwenye benchi. Daftari nililichukua ili nisiangalie watu.

Tulifika saa moja. Vénérande kafunga kitenge chake kizuri kama tunaenda ibadani. Wamenitoa damu kidoleni. Sindano niliiona ikiingia, ndiyo nikajua imeingia. Nilimwambia muuguzi haiumi, ana mkono mwepesi. Hakutabasamu.

Halafu kaniita chumba kingine, Vénérande akaingia naye. Kasema nivue viatu na soksi. Niliposema miguu ni mizima Vénérande alikohoa.

Chini ya soksi ya kulia kulikuwa na damu iliyokauka. Kokoto ndogo kiatuni. Nyeupe, yenye ncha. Sijui imekaa humo siku ngapi. Muuguzi kaiokota, kaiweka mezani, kasafisha kidonda.

Muuguzi ana uzi mmoja mgumu kwenye kishikio, mwembamba kama unywele wa brashi. Kasema nifumbe macho, atanigusa nao chini ya mguu, kila nikisikia niseme.

Nikasema sasa. Baadaye nikasema sasa tena. Nikasubiri. Feni ilikuwa inalia juu. Nilisikia pumzi ya Vénérande karibu na sikio langu, na mkono wake begani ukizidi kunibana, unabana, unabana, mpaka nikataka kumwambia ananiumiza.

"Basi, fumbua," muuguzi kasema, akiandika.

Nikamwuliza amenigusa mara ngapi.

"Tuhamie mguu wa kushoto, baba," kanijibu.

Sasa tunasubiri majibu ya damu. Wameshaita watu wawili waliokuja baada yetu. Vénérande ameshika viatu vyangu mapajani. Ameingiza mkono ndani ya kimoja, anapapasa taratibu mpaka kwenye ncha, anatoa, anaingiza kwenye kingine.