Sketi au Suruali kwa Kavugho

Beni, Jumapili

Huenda nilijibu haraka mno.

Mdogo wangu Kavugho, anayetunza farasi huko Ureno, alinitumia asubuhi picha za mavazi ya jadi ya wanawake wapanda farasi, avae kesho kwenye sherehe. Koti fupi na kofia pana ni vilevile. Kuchagua ni kati ya suruali na sketi ndefu, ambayo mwanamke huivaa akiketi kando, miguu yote upande mmoja wa farasi.

“Yaya, dada yangu, unichagulie. Na jipe, ile sketi, naogopa kuanguka, siyazoea kukaa kando. Lakini Mama ataona mafoto.”

Sikumwuliza Mama. Nilijibu: sketi, kwa heshima ya Mama.

“Sawa, Yaya.” Utii huo unaniuma.

Jioni nilirudi nyumbani, mtaa wa Bungulu, kwa pikipiki. Njia ilikuwa tope tupu. Nikapandisha kikwembe, kitenge nilichojifunga kiunoni, nikakaa mguu huku na mguu huku. Dereva akacheka: “Ee Mama, leo munakaa sawa mwanaume!”

“Nataka kufika muzima,” nikamwambia.

Heshima niliyomdai Kavugho, mimi niliikunja magotini.

Nimemwandikia: “Vaa suruali. Mama nitaongea naye mimi.”

Ujumbe huo bado hajausoma.