Haidari, Birika Bado Halijabandikwa

Ni mwaka sasa, Baba Asmahan, tangu simu ya nyumbani ilie baada ya pambano na isiwe sauti yako.

Watu wa Birmingham wanakukumbuka kwa mkanda wa ubingwa na ile ngumi yako ya kushoto. Sisi wa mtaani kwetu Winson Green tunakukumbuka ukimbebea jirani yetu Balwinder mifuko ya sokoni, na ukipanda juu ya kiti kwa kumwogopa panya. Bingwa mzima, na mimi ndiye niliyeshika fagio.

Kule ukumbi wa mazoezi wa Newtown uliwafundisha watoto kuacha kabla ya kuwafundisha kupiga. Aliyempiga mwenzake aliyekwisha kuchoka alifagia ukumbi wote, nawe ulikaa naye mpaka amalize. Hata ulipoutwaa mkanda hukuacha kwenda.

Mimi mkeo sikuwahi kutazama pambano lako hata moja. Tulikuwa na utaratibu wetu: ukiwa ulingoni, mtu asipige simu nyumbani. Ukishuka, kabla hujavuliwa glavu, mwalimu wako Darshan alikushikia simu sikioni, nawe ukasema, "Mama Asmahan, bandika maji ya chai." Hapo ndipo niliposhusha pumzi na kuwasha jiko.

Mara ya mwisho furaha ilimzidi kaka yako Mwinjuma. Akapiga yeye kwanza, kutoka ukumbi wa pambano, kunipa hongera kwamba umeutetea mkanda. Ni kweli ulishinda. Nikabandika maji, yakachemka. Simu ya pili alikuwa Darshan na Kiswahili chake cha Kisumu, akisema polepole kuliko siku zote: "Shemeji, uko na nani hapo?" Ulikuwa umeanguka chumba cha kubadilishia nguo, na hukuamka tena. Mwinjuma hatumlaumu. Wewe pia usingemlaumu.

Jumamosi hii binti yako anapanda ulingoni Erdington, pambano lake la kwanza. Nilikataa. Nilinuna, nikauficha mkanda wako, kumbe hakuutaka. Alitaka glavu zako za mazoezi. Darshan akaniambia huyu mtoto huacha kabla hajaambiwa, nikakuona wewe. Nikakubali shingo upande, kwa sharti lile lile. "Mum, don't worry," akasema, "nitapiga mimi mwenyewe, glavu zikiwa mkononi."

Naogopa, Haidari. Naogopa kuliko nilivyokuogopea wewe, maana sasa najua.

Hitma yako tumeiweka Jumapili, ili naye awepo.

Tunaokukumbuka siku zote: mkeo Mize, binti yako Asmahan, Darshan, atakayemshikia simu kama alivyokushikia wewe, na kaka yako Mwinjuma, ambaye Jumamosi atakaa nami jikoni, simu yake ikiwa mfukoni mwangu.

Hututoki moyoni, wala hutatutoka. Birika nimelijaza maji. Kulibandika, mpaka tusikie sauti ya Asmahan.