Nilichomuambia Kali kwa Kifaransa

Yaya Mado, dada yangu mukubwa, jambo sana kwako na kwa batoto! Vumbi ya Kolwezi imeniingia mpaka kwenye meno.

Mama Muhindi wa duka jirani alinionyesha picha ya mungu wake, Kali: ulimi nje, amesimama juu ya kifua cha bwana yake. "Bila nguvu ya huyu, bwana ni maiti tu. Mutoto, usimufiche tamaa yako. Sema kwa sauti!"

Mi na haya zangu! Nikaweka ua jekundu mbele ya picha, nikasema kwa Kifaransa, maana Mama Muhindi hakijui: ninamupenda Trésor, kijana wa dukani kwake. Kumbe Trésor anapita nyuma yangu na mufuko wa mchele, na shule amesoma, Kifaransa anakisikia chote. Akaanguka chali, mufuko kifuani, sawasawa na bwana ya Kali.

Nikamupa mukono asimame. Alisimama, lakini mukono hakuurudisha haraka.

Usimuambie mama yetu. Nakubusu sana,
Nono wako